Vitumbua Vitatu vya Doto

Fundi wa mazingaombwe Morogoro nilikuwa mimi, Mwinjuma, na sitaki ubishi. Nilipata kutoa yai sikioni mwa akida mwenyewe, na akida akacheka. Kisha Mdachi akatuletea reli, na reli ikatuletea kibarua wa Kisukuma aitwaye Doto.

Doto aliweka makasha mawili sokoni, moja penye mbao za samaki, jingine mbele ya duka la Taherali. Anaingia la huku, anajifunika. Hujamaliza kupepesa macho, anatoka la kule akijikung'uta kanzu. Watu wakanihama wote. Hata mbuzi wangu wa kiinimacho alikata kamba akaenda kutazama.

Mke wangu Shamsia aliuza vitumbua papo hapo sokoni, na Doto alikuwa mteja wake. Kila asubuhi vitumbua vitatu, si viwili wala vinne. Mlafi mkubwa, nikasema.

Hasira hasara. Nikaapa mbele ya soko zima: Ijumaa nitamfichua Doto, na nikishindwa naacha mazingaombwe, nakwenda Kinole kumlimia mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameningoja miaka sita, na mimi naliogopa jembe kuliko chui. Kesho yake nilimwona Shamsia akichagua mpini wa jembe, nikadhani ametumwa na jirani.

Alhamisi sikuwa na hata fununu. Nikaisukuma kando sahani ya chakula.

"Mume wangu," Shamsia akasema, "yule bwana anaitwa nani?"

"Doto."

"Basi Kulwa wake yuko wapi?"

Nilitaka kujizaba kibao. Pacha wa pili ndiye Doto. Hakuna Doto asiye na Kulwa. Nikamkumbatia mke wangu, nikala sahani mbili.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilimngoja Doto ajifunike. Nikakimbilia kasha la kule, nikamvuta Kulwa kwa ukosi. Nikarudi naye, nikamtoa na Doto. Nikawasimamisha, mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Haya, tazameni," nikasema. "Hakuna uganga. Ni watu wawili."

"Na yule je?" akauliza Doto kwa upole.

Soko zima likageuka. Juu ya paa la Taherali alikaa Doto mwingine, uso ule ule, kanzu ile ile, anatafuna kitumbua.

Wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wangu akalala chini. Nilibaki nasema ni ndugu, ni ndugu, nani anisikie? Mwinjuma kasema wawili, wametokea watatu. Uganga gani zaidi ya huo? Nililia, na sioni haya kusema.

Jumamosi tukapanda mlima kwenda Kinole.

"Yule wa tatu nani?" nikamwuliza Shamsia.

"Shija, mdogo wao. Anayefuata mapacha huitwa Shija."

"Ulijua tangu Alhamisi?"

"Nimewalisha mwezi mzima, mume wangu, kimoja kimoja."

Akanikabidhi jembe. Mpini ulikuwa mpya, umekatwa sawasawa na kimo changu.