Chujio Jipya la Bi Pua

"Pua yangu hii inajua jirani anapika nini kabla jirani mwenyewe hajaamua," Bi Pua alimwambia muuza vipuri, akiweka juu ya meza ya duka furushi la gazeti lililolowa mafuta. Halafu akaongeza, "Yaani zamani. Siku hizi kazi yake ni kushikilia miwani."

Muuza vipuri akacheka. Alidhani ni utani, na Bi Pua akamwacha adhani hivyo. Lilikuwa ndilo neno pekee la kweli alilolisema wiki nzima, na alilisema kwa mtu asiyemjua, kati ya mikanda ya mashine za kufulia na vifuniko vya majagi.

Tangu homa ya mwaka juzi hakusikia harufu ya kitu chochote. Homa iliondoka siku ya tisa ikaondoka na pua. Mwanzoni aliingoja irudi, kama mtu anavyongoja sufuria aliyomwazima jirani, asiseme kitu, achungulie tu. Baadaye akaacha kuchungulia. Chai ikawa maji ya moto yenye rangi. Siku moja akafungua kabati, akatoa shati la marehemu mumewe, lile ambalo kwa miaka mitano hakukubali liguswe na sabuni, akajifunika nalo uso na kuvuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Lilikuwa kitambaa. Kesho yake akalifua.

Mtaa mzima uliendelea kumwita Bi Pua, naye aliendelea kuitika.

Hakumwambia mtu, na wa mwisho kuambiwa angekuwa binti yake. Binti alikuwa nesi, na manesi wana tabia ya kuamini kila kitu kinaua. Isitoshe, Bi Pua alishaona yaliyomkuta shoga yake, mama wa ghorofa ya chini. Gesi ilivuja kwake asubuhi nzima, yeye kakaa anashona vifungo, hasikii harufu, mpaka mpita njia akagonga mlango. Wanawe walikuja wakabeba jiko. Wiki iliyofuata wakabeba funguo. Sasa alikuwa kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe mkubwa, amewekwa kama sanduku la mgeni, akiulizwa mara tatu kwa siku kama ameshakula.

"Na wewe mama, siku pua ikikuacha, mtungi wa gesi unatoka siku hiyo hiyo," binti alisema wakati ule, "na wewe unatoka nao. Unakuja kwangu."

Alisema akicheka. Bi Pua naye alicheka, akaenda chooni akakaa kidogo.

Basi tangu hapo alipika kwa masikio. Mafuta yakipata moto alijua kwa mlio wake, wali ukianza kushika chini aliusikia ukikwaruza, chumvi aliihesabu kwa vidole. Gesi aliifunga mara mbili, kisha akarudi kuhakikisha kama ameifunga. Mambo yalikwenda. Lakini Jumamosi iliyopita binti alisimama mlangoni pa jiko, akakunja uso.

"Mama, humu kunanuka mafuta ya mwaka jana. Husikii?"

"Nasikia sana, mwanangu. Nilikuwa nakungoja useme wewe, nisije nikaambiwa uzee umeniletea malalamiko."

"Ni hicho kivuta moshi chako cha juu ya jiko. Badilisha chujio. Jumamosi nikija nataka nikute jiko linanuka jiko."

Ndiyo maana akawa hapa dukani. Muuza vipuri alifungua gazeti, akasogeza kiti chake nyuma hatua nzima.

"Mama, chujio hili limewahi kubadilishwa?"

"Marehemu mume wangu alikuwa akilibadilisha kila mwaka. Alikuwa hodari kwa mambo hayo."

Muuza vipuri akaligeuza kwa ncha ya kalamu, akamwonyesha alama ya kiwanda iliyozama ndani ya mafuta. "Hili ndilo lililokuja na mashine yenyewe."

Bi Pua akalitazama. "Basi alikuwa hodari wa kuniambia analibadilisha."

"Bomba lako linatoa moshi nje, au linaurudisha ndani?"

Ilibidi afikiri. Bomba lilipanda juu, likaingia nyuma ya kabati, likaishia hapo. Tundu la ukutani mumewe alikuwa alitoboe wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ilichukua miaka kumi na mmoja, mpaka akafa.

"Linatoa nje wiki ijayo," alisema.

"Ndani, basi. Sasa sikiliza, mama yangu. Huu wavu wa bati unashika mafuta, hauutupi, unauosha kwa maji ya moto na sabuni. Harufu inashikwa na mkaa. Ukishajaa haufuliwi, unatupa, unaweka mwingine. Halafu kuna hili la pamba, unakata kwa mkasi. Rahisi, lakini harufu linaipigia saluti tu inapopita."

"Nataka linaloshika harufu. Zote, isibaki hata ya kutumwa dukani."

"Basi ni huu mkaa wa mviringo. Upana wake?"

Bi Pua akatandaza kiganja juu ya meza: shubiri moja na vidole viwili. Muuza vipuri akaleta boksi. Bi Pua akaliinua puani, kwa mazoea tu, halafu kwa kuwa alikuwa ameshaliinua ikabidi aseme kitu.

"Mkaa safi huu."

"Mama una pua wewe," alisema muuza vipuri, na kwa mara ya kwanza siku ile Bi Pua akaona haya.

Nyumbani aliosha wavu mpaka maji ya nne. Karatasi ya maelezo ilikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, akafuata picha. Kwenye picha moja mkono ulikuwa umeshika ncha ya kitu. Akaamua ni mkono unaopangusa, naye akapangusa. Chujio lilikuwa jeusi, likimetameta kama kiatu cha askari, na hilo lilimpendeza. Akapanda kigoda, akalizungusha mpaka likalia tak. Sikio lake likaridhika.

Jumamosi, ili pasiwe na la kubishania, akakaanga samaki na vitunguu viwili, akawasha kivuta moshi namba ya juu kabisa. Akasimama chini yake, uso juu, akavuta pumzi. Hakuna harufu hata kidogo. Kwa dakika nzima alifurahi jinsi chujio linavyofanya kazi. Halafu akakumbuka.

Akazima kila kitu. Mlango ukagongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita moja kwa moja jikoni, ukajionee."

Alitangulia yeye, kwa hiyo hakumwona binti akisimama kizingitini na kuziba pua kwa mtandio.

"Unaonaje?" alisema Bi Pua, akipanga sahani. "Hata mimi nimeshangaa. Nimekaanga samaki mzima humu, lakini hewa kama ya wodini kwenu. Pesa niliyompa muuza vipuri haikwenda bure."

"Hakuna harufu yoyote, mama?"

"Hata chembe."

Binti akafungua dirisha. Akavuta kigoda, akapanda, akazungusha chujio likatoka. Akashuka nalo, akalitazama, akaingiza ukucha pembeni na kuvuta. Nailoni ya kufungashia ikabanduka nzima, nyembamba, imejaa matone ya mafuta upande wa nje. Chini yake mkaa ulikuwa mkavu kama ulivyotoka kiwandani.

"Hili lilikuwa bado limevaa nguo zake," alisema binti.

"Nililiacha nazo makusudi. Lisichafuke haraka."

"Na hiyo harufu iliyokwisha, ilipita wapi?"

"Si yote iliyokwisha. Nasema tu imepungua."

"Humu ndani sasa hivi kunanuka nini, mama?"

"Samaki," alijibu Bi Pua pale pale.

"Na nini tena?"

Macho yake yakaenda kwenye kikaango, yakaona maganda. "Vitunguu."

"Na nini tena?"

Yakazunguka meza, rafu, ndoo, yakafika kwenye beseni. "Sabuni. Nimeosha vyombo."

Juu ya meza, ile nailoni iliyokunjwa ilikuwa ikijikunjua polepole, ikitatarika. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imejaa mafuta, hajui pa kuiweka.

"Sabuni hainuki hapa, mama, wala hakuna kingine zaidi ya samaki na vitunguu. Nilitaka tu nione kama utanusa au utaangalia."

Kisha akainama chini ya meza, na Bi Pua akasikia vizuri kabisa, kwa yale masikio yake, koki ya mtungi wa gesi ikifungwa mpaka mwisho.