Pini ya Kichwa Chekundu

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani akishazeeka kazini, kila kitu kwake ni kitambaa. Ndiyo maana alipojitolea kutengeneza keki ya siku ya kuzaliwa ya binti wa kaka yake, alifika asubuhi na tepu ya kupimia, mkasi na kitakia chake cha pini. Wifi yake, mke wa huyo kaka, aliviangalia vikipangwa juu ya meza ya jikoni kwake.

"Karibu, wifi," alisema. "Umejisumbua."

Hilo "umejisumbua" Shangazi alikuwa analijua vizuri. Alilipata alipoleta mapazia, ambayo hayakutundikwa hata siku moja. Alilipata tena alipoleta vitambaa vya makochi, navyo vikaenda kuyafuata mapazia kabatini. Miaka yote hiyo wifi hajawahi kumvunjia heshima, na hilo ndilo lililomuuma. Anayeshukuriwa namna ile ni mgeni. Yeye alitaka walau mara moja aambiwe neno kama ndugu, hata likiwa la kumchamba. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba keki ikiishia kwenye "umejisumbua", hatajipeleka tena. Atakuwa anapiga simu.

Keki zilishaiva na kupoa, mbili za duara, akazibandika moja juu ya nyingine kwa krimu. Kilichobaki ni kuivisha fondanti, ile sukari inayokandwa mpaka inakuwa donge laini, kisha inasukumwa iwe shuka. Shangazi alipoona kwamba ni shuka, wasiwasi wote ulimtoka. Aliipima keki kimo na kiuno, akaongeza nafasi ya pindo. Alinyunyiza sukari ya unga mezani, akasukuma, akaizungushia shuka kwenye mti wa kusukumia na kuishusha juu ya keki bila kukunjamana. Ubavuni kilibaki kiputo cha hewa. Alichomoa pini ya kichwa chekundu, akakitoboa, akakipapasa kikalala. Kisha akaanza kuizungushia marinda ya fondanti.

Alikuwa katikati ya marinda binti mwenyewe alipoingia amevaa gauni jipya, aliloshonewa na Shangazi. Nyumba nzima ilimwita Bosi, kwa sababu aliwaamrisha wote, baba yake akiwa wa kwanza kutii. Utepe wa kiunoni ulikuwa unaning'inia.

"Nifunge, Shangazi."

Shangazi alimfunga mgongoni huku macho yake yakiwa kwenye marinda. Mikono yake ilikuwa inaijua kazi hiyo tangu zamani, haikuhitaji kusimamiwa. Bosi aliondoka akitembea wima kama askari wa gwaride.

Mwishoni Shangazi alipachika shanga nyekundu za sukari, moja juu ya kila rinda. Alirudi nyuma kuitazama kazi yake, akaridhika, akaanza kufungasha vifaa. Hapo ndipo alipoona kwamba kwenye kitakia pini ya kichwa chekundu haipo.

Aliangalia mezani, sakafuni, kwenye kola yake. Kisha akaiangalia keki, na shanga nyekundu zote zikamwangalia.

Sebuleni wageni walishafika, watoto wa majirani na mama zao. Shangazi alitoa mfukoni sumaku yake ya kuokotea pini sakafuni, akaanza kuizungusha pembeni mwa keki. Kaka yake akachungulia.

"Unafanya nini, Dada?"

"Namalizia urembo."

Kaka alikuwa mtu wa kupenda amani, hakuuliza zaidi. Aliibeba keki kwenda nayo sebuleni. Watu walipiga makofi. Wifi aliyatazama marinda yote, akavuta pumzi, na Shangazi alijua kabisa neno linalokuja.

Mishumaa ilizimwa. Bosi aliambiwa akae akate keki, akakataa kukaa. Alikuwa amekataa kukaa tangu wageni wafike, na Bosi akikataa amekataa, kwa hiyo walimpa kisu akiwa amesimama.

Shangazi aliona njia mbili. Anyamaze, aombe pini iwe imedondoka kwingine, na abaki mgeni anayeheshimika. Au aseme, na asikanyage tena nyumba ile. Mtoto mmoja wa jirani alishafungua kinywa kungojea kipande. Shangazi alimpokonya Bosi kisu.

"Asile mtu," alisema. "Humu ndani kuna pini."

Wifi alisimama.

"Unasema?"

"Pini, wifi. Nilitobolea kiputo."

"Pini! Kwenye keki ya mtoto!"

Lilikuwa neno lake la kwanza lisilo na adabu, lakini Shangazi hakuwa na nafasi ya kulifurahia. Watoto walipewa soda na biskuti, keki ikarudishwa jikoni. Wifi alivua bangili, akakunja mikono ya blauzi. Wanawake wawili waliifumua keki. Walichambua marinda, wakaponda shanga moja moja, wakasugua krimu kati ya vidole, wakavunjavunja keki mpaka ikawa chenga. Hawakuona pini.

Kaka alikohoa mlangoni.

"Kabla wageni hawajafika nilionja," alisema. "Rinda moja. La nyuma."

Walimgeukia wote wawili. Wifi akanyoosha mkono, Shangazi akampa sumaku, na tumbo la baba mwenye nyumba likapimwa kutoka kushoto kwenda kulia. Sumaku ilinasa kifungo cha suruali tu. Shangazi alikaa kwenye kigoda. Alikuwa anaogopa kweli sasa.

Bosi alikuja kusimama mbele yake.

"Mnatafuta nini?"

"Pini, mwanangu."

"Yenye kichwa chekundu?"

Wote watatu wakamtazama. Bosi aligeuka. Pale utepe ulipofungwa, kichwa chekundu kilikuwa kimekaa nadhifu kabisa, kazi ya mkono wa fundi.

Shangazi aliichomoa.

"Inakuchoma tangu nilipokufunga?"

"Nikikaa."

"Mbona hukusema?"

"Mama alisema gauni la Shangazi hata likiniwasha nisiseme. Niseme asante, umejisumbua."

Kaka alikumbuka kazi iliyokuwa ikimsubiri sebuleni, akaenda. Wifi aliitazama meza, na meza ilikuwa imejaa chenga. Shangazi aliingiza pini kwenye kitakia, mahali pake.

"Mapazia yana nini, wifi?" aliuliza.

Wifi alizikusanya chenga kwa kiganja.

"Marinda," alisema. "Ukiyatundika chumba kinakuwa giza saa sita mchana."

"Na vitambaa vya makochi?"

"Marinda."

"Na keki?"

Wifi alichukua chenga moja, akatafuna bila haraka, akameza kwa shida.

"Kavu, wifi. Kavu mno. Hata ingekuwa na pini tungeihisi mwishoni."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la nguo. Miaka yote alikuwa akilingoja neno kama hilo. Wifi alimsogezea sufuria na kifuko cha maziwa.

"Chemsha hayo tuloweke hizi chenga, watoto wana njaa," alisema. "Na usishone kitu."

Bosi alivuta kiti, akakaa.