Taa ya Mama Viviane

Viviane alikuwa mkunga wa mtaa wa Lumumba, na Gentille, kule mtaa wa Rwambuzi, mimba yake ilikuwa imeiva. Watoto hawachagui saa. Lakini tangu vita iingie Bunia, kupita gizani bila taa kulikuwa kujitafutia risasi. Ndiyo maana alikwenda kwa Alphonse, muuza vipuri, kuitafutia baiskeli yake taa.

Alphonse alimwonyesha tochi ya betri, ya kufunga kwa mpira kwenye usukani, kisha taa ya dinamo, inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Tochi inakulaka pile, mama, na barabara imefungwa, pile utatoa wapi? Hii unakanyaga tu."

Akaisimamisha baiskeli kwa stendi, gurudumu la nyuma likaning'inia, akazungusha pedali kwa mkono. Kibanda kizima kikawaka. Wateja wakapiga makofi, na Viviane, aliyependa vya kumeta tangu utotoni, akaichukua papo hapo. Penye makofi nani aulize maswali?

Jioni moja Willy, mume wa Gentille, akaja mbio: uchungu umeanza. Viviane akakanyaga, Willy akikimbia nyuma, na barabara ikawa nyeupe mbele yao. Raha iliyoje! Mpaka kwenye barieri, kizuizi cha walinzi wenye bunduki, walipoamriwa kusimama. Akasimama. Taa ikazimika.

"Unazima taa juu ya nini?" Bunduki ikapanda.

Viviane akashuka upesi. "Sizime, mutoto yangu! Nikisimama inalalaka!" Akaitia stendi, akazungusha pedali. Mwanga ukawakuta walinzi wanajizuia kucheka.

Nyumbani kwa Gentille mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha. Hapo ndipo mkunga alipoliona kosa lake: amenunua taa ya safari, na kazi yake yote huanza akishafika.

"Willy, ingiza kinga ndani," akaionyesha baiskeli. "Panda!"

"Mama, mwanaume haingiake kwenye wanamuke anazala!"

"Basi usiangalie."

Akamfunika kichwa kizima kwa kitenge. Willy akakanyaga kipofu, jasho likimtiririka, haendi popote. Kila alipochoka, chumba kilififia na Gentille akamtukana.

Hatimaye sauti nyembamba ikalia. Willy akaachia pedali, akainua mikono juu. Giza likaanguka.

"Tumefika?" akauliza, analia ndani ya kitenge.

Kiganja cha Viviane kilikuwa bado juu ya tumbo la Gentille, na chini yake kitu kilipiga teke.

"Bado, baba. Kanyaga! Iko mwingine."