Kopo la Udongo Safi

Maabara yetu ilipima udongo wa mlima mzima, na mashine yetu kuukuu ilijua kitu kimoja tu: tofauti. Ukiipa udongo wa mteremko wa juu, walikochimba madini ya risasi mpaka mlima ukabaki na mashimo kama jino bovu, lazima uipe na udongo safi wa kulinganishia.

Udongo safi niliuleta mimi, kwenye kopo la maziwa ya unga, kutoka bustani ya Mama. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mchicha wa Mama ulinifika kiunoni, nani angebisha? Mkuu wetu wa kazi, tuliyemwita Mzani kwa jinsi alivyopima hata sukari ya chai, akaliandika kopo: SAFI. Miaka sita tulipima, na kila mara tofauti ilikuwa ndogo. Tulifurahi. Watu wakaendelea kulima.

Kisha ikaja mashine mpya, isiyohitaji kulinganisha. Mzani akaijaribu kwa kopo langu. Akasoma, akaipangusa, akasoma tena.

"Dada, huu udongo umeutoa wapi?"

"Kwa mama yangu."

Alinigeuzia kioo cha mashine nijionee. Risasi ilizidi kiwango kinachoruhusiwa shambani mara tisa. Nilicheka, maana ndivyo nifanyavyo nikiogopa.

Ndipo nikakumbuka Jumamosi za marehemu Baba. Alirudi kutoka mgodini na gunia begani, limejaa mchanga laini wa kijivu uliotupwa baada ya mawe kusagwa. Udongo wetu ulikuwa mzito, wa mfinyanzi, na mchanga ule uliulainisha. Juani ulimetameta, nasi tukauchezea, mimi na mdogo wangu, tukijiita matajiri. Baba hakuwa mjinga. Alitupenda kwa alichokuwa nacho.

Nilipanda mlima mchana huohuo, kwenda kwa Mama. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, nyumba zikija na kupotea, jogoo akiwika mahali nisipopajua. Nilitembea bila kuiona vizuri miguu yangu, nikahisi mlima umelala na mimi ndiye ndoto yake mbaya. Kichwani nilikuwa na sauti yangu mwenyewe ya miezi mitatu nyuma, sauti ya mtaalamu. Mdogo wangu alikuwa mjamzito, akitamani udongo kuliko chakula. Nikamwambia, "Kama lazima ule, achana na wa sokoni. Kula wa Mama. Huo ndio udongo safi tunaolinganishia mwingine wote."

Nami najua risasi inavyopita kwenye damu ya mama, ikamfikia mtoto na kumharibu akili kabla hajaiona dunia.

Nilimkuta mdogo wangu kakaa mlangoni, tumbo limetangulia, akimung'unya kipande cha udongo. Nyuma yake Mama alichuma mboga za jioni, nusu yake imemezwa na ukungu.

"Mama mkubwa gani huyu anakuja mikono mitupu?" mdogo wangu akanitania.

"Tema."

"Kuna nini tena?"

"Tema hicho. Nilikosea. Udongo wa hapa una sumu, na mimi ndiye niliyekuambia ule."

Akaacha kumung'unya. Ningependa anitukane.

"Na mtoto?"

"Sijui."

Neno hilo hakuwahi kulisikia kwangu. Mimi ndiye dada mkubwa, mwenye jibu la kila kitu. Mama alikuwa amesikia. Mboga zikamponyoka mikononi, akaziacha pale pale chini.

Mdogo wangu akanishika mkono, akaufungua, akatemea kile kipande kiganjani mwangu. Kilikuwa bado na joto la mdomo wake.

"Kapime," akasema. Kisha akaanza kukunja mkono wa gauni lake, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. "Na mimi wanipime damu. Ila safari hii usinilinganishe na mtu."