Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Machi 1995, saa nne asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakilowesha soko la Homa Bay. Teresa Bosibori, mwalimu wa hisabati kutoka Migori, alinunua njugu, akazimimina kiganjani, kisha akaona mwandiko wake mwenyewe kwenye karatasi iliyozifunga, kando ya swali la gari la kwenda na kurudi: "Kama malori ya Awendo: huenda na miwa, hurudi matupu."

Kitabu kilikuwa chake. Kaka yake Elkanah alikituma kutoka ng'ambo, kikiwa na maswali magumu ya mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili. Mfadhili wa kanisa angesomesha mtu mmoja tu, na waombaji walikuwa wawili: yeye na Oyaro, naibu wa mwalimu mkuu shuleni kwao. Oyaro alikiazima kwa siku mbili, akarudi na uso wa matanga. "Nisamehe, dada yangu. Mvua imekimaliza."

Bosibori alimgeukia Phelesia, muuza njugu. "Mama, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Hiyo kitabu nililetewa na japuonj mmoja, mwalimu wa Migori. Ako na pengo hapa mbele. Alisema ni takataka, nifungie watu njugu."

Mwalimu mwenye pengo aliyemjua Migori alikuwa mmoja: Oyaro. Bosibori alinunua kila fungu lililobaki na kuomba kurasa ambazo hazijatumika. Za majibu zilikuwa zimekwenda na walaji. Na ziende, alijiambia. Sasa hakuna pa kuchungulia. Tangu siku hiyo, kila alfajiri alitatua maswali matatu, kila moja kwa njia mbili. Njia hizo zisipokubaliana, alianza upya. Alipochoka alilikumbuka lile pengo, na usingizi ukamtoka.

Njugu alizipeleka kwa walimu wenzake. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Oyaro.

"Karibu, Mwalimu. Hizo nimekuchagulia mwenyewe."

Oyaro alitafuna, akaifinyanga karatasi bila kuitazama, akaitupa dirishani. "Bado unakuna kichwa na yale maswali yako? Huo ni mtihani wa watu wazima, bibi. Hakuna vitendawili."

"Huenda. Kula, Mwalimu. Usibakize hata moja."

Bosibori alitoka nje, akaiokota karatasi, akainyoosha: ile ile ya malori ya Awendo.

Wote wawili walikuwa Wasabato, kwa hiyo hawakufanya mtihani Jumamosi na wengine. Walipangiwa Jumatatu, tarehe 10 Aprili, katika ukumbi mmoja wa Homa Bay. Oyaro alitoka akipiga mluzi. Bosibori alimkaribisha njugu, akampeleka moja kwa moja hadi mezani kwa Phelesia.

"Lile swali la gari lilikuwa la bure kabisa!" Oyaro alicheka. "Kwenda kilomita arobaini kwa saa, kurudi sitini. Kasi ya wastani ni hamsini!"

"Arobaini na nane."

"Nini?"

"Chukua safari ya kilomita mia na ishirini. Kwenda saa tatu, kurudi saa mbili. Mia mbili na arobaini, gawa kwa tano."

Phelesia aliinua kichwa, akamtambua mgeni wake. "Ai, japuonj! Umeniletea kitabu ingine? Ile ya kwanza iliisha."

Oyaro alifumba mdomo, pengo likatoweka.

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili," Bosibori alisema. "Nilikupa mkononi, Mwalimu. Ukala njugu, ukatupa swali."

Oyaro hakungoja gari la Migori. Alipanda la Rongo ili asiketi karibu naye. Phelesia alirudi kukaanga njugu. Elkanah alipoandikiwa, alituma kitabu kingine, na Bosibori hakumwazima mtu. Mfadhili alituma barua mwezi wa Julai, ikiwa na jina moja. Bosibori alifunga mizigo, akabandika ule ukurasa ukutani katika chumba cha walimu, mbele ya kiti cha Oyaro, akaenda zake. Oyaro alihamisha kiti.