Kola ya Wifi

Karatasi ile ilikuwa nyeupe na ngumu kidogo, ndiyo maana fundi aliichagua. Nyingine kwenye rundo la juu ya kabati zilikuwa magazeti na kalenda za miaka iliyokwisha, laini mno kwa kola ya kusimama. Na wifi yake alitaka kola isimame. "Isimame kama mimi mwenyewe," alikuwa amesema huku akijipiga kifua. Binti yake anaolewa, na yeye mama wa bibi harusi hawezi kuvaa kola inayolala.

Basi fundi akaikunja karatasi bila kuisoma, akachora kwa penseli, akakata. Miaka kumi na tisa amekuwa akikatia vipimo kwenye karatasi yoyote inayoingia ndani ya nyumba ile. Nani asome kalenda ya mwaka juzi? Akaifungua ile kola ya karatasi, akailaza juu ya kitambaa, akaanza kuchoma pini. Pini ya tatu ndiyo iliyomsimamisha. Ilikuwa imeingia katikati ya maneno mawili: titi, kushoto.

Akapiga magoti, akaokota vipande vilivyoanguka chini ya cherehani, akaviunga mezani. Juu kulikuwa na maneno ya kitabibu asiyoyajua. Chini daktari alikuwa ameandika kwa mkono, kwa lugha ya watu: ni saratani, mgonjwa aje haraka tupange matibabu. Namba ya kadi ya hospitali ilikuwa yake. Umri ulikuwa wake. Tarehe ilikuwa ya wiki saba zilizopita.

Wiki saba! Sikilizeni, ninyi wenye matiti, maana hili halikuanza siku ya barua.

Lilianza miezi minane kabla, blauzi yake ya kijani ilipoanza kumvuta upande mmoja. Mwanamke mwingine angejiuliza kifua kina nini. Yeye, kwa kuwa ni fundi, aliilaumu blauzi. Akaifumua ubavuni, akailegeza kidole kimoja, akaipiga pasi, mambo yakaisha. Miezi ikapita, akailegeza tena. Ilipofika mara ya tatu ndipo alipojitazama kwenye kioo kile kikubwa cha wateja, akaona ngozi ya titi la kushoto imejifinya. Imejifinya kama kitambaa ambacho uzi wake umevutwa kwa chini. Kitu hicho amekiona mara elfu kwenye nguo za watu, na kila mara huwaambia, "Hapa usipige pasi, haisaidii, kuna uzi unavuta ndani." Kwenye mwili wake mwenyewe alikuwa amepiga pasi miezi minane.

Akaenda hospitali. Wakamchoma sindano, wakachukua kinyama cha kupima, wakamwambia majibu ni baada ya wiki mbili. Siku ya majibu alikuwa amezama katika magauni kumi na nane ya harusi ya binti wa wifi, kwa hiyo mume wake akasema, "Kaa na kazi yako, nitapita mimi nikitoka ghalani." Jioni akarudi mikono mitupu. "Mashine yao imeharibika. Wanasema tusubiri."

Naye akasubiri. Akashona magauni kumi na saba; la kumi na nane, la wifi, likabaki kola tu.

Sasa alisimama na mkasi mkononi, na masikio yanavuma. Hakulia. Alichokuwa anataka ni kupiga kitu.

Mume aliingia saa kumi na moja pamoja na dada yake, aliyekuja kujaribu gauni. Wifi alitangulia, kama kawaida yake, akiongea tangu mlangoni.

"Fundi wetu! Kola yangu iko wapi? Usiniambie bado, nitazimia hapa hapa."

"Iko mezani, wifi. Isome."

"Niisome? Tangu lini kola inasomwa?" Akacheka, akainama. Akajiinua upesi, akamtazama kaka yake.

Mume alitazama meza, kisha juu ya kabati, kisha meza tena. Mtu anatunza ghala la watu, anajua kila gunia lilipo.

"Uliiweka kwenye rundo langu," fundi alisema.

"Nilidhani ni makaratasi ya kutupa. Hayaguswi yale."

"Hayaguswi! Miaka kumi na tisa unaniona nakata nguo, hujui ninakatia kwenye nini?"

"Mama watoto, tulia kwanza..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mashine iliharibika, siyo?"

Aliyejibu ni wifi, maana yule hajawahi kuacha pengo katika maongezi. "Mimi ndiye niliyemwambia, mlaumu mimi. Tulikuhurumia. Tulisema, mwache amalize kazi kwa amani, harusi ipite, kisha tukueleze taratibu. Habari kama ile mtu hamwagiwi kama maji ya moto!"

"Amalize kazi kwa amani."

"Ndiyo."

"Kazi ipi, wifi?"

Wifi akaangalia magauni kumi na saba yaliyoning'inia ukutani, yote rangi moja, yote yamepigwa pasi.

Kisha akamgeukia fundi. "Hata hivyo usikimbilie kukatwa. Kuna mama mmoja ana dawa ya kupaka, uvimbe unayeyuka wenyewe. Mwanamke bila titi ni nini? Mumeo naye mfikirie."

"Namfikiria sana," fundi akasema. "Namfikiria mpaka mkasi huu unaniwasha mkononi."

Wakarudi nyuma hatua moja, wote wawili.

Kesho yake asubuhi alikuwa hospitali. Mume alimfuata nyuma bila kukaribishwa. Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alipokea ile barua yenye umbo la kola, bado na pini tatu, pamoja na bahasha ya vipande. Akaigeuza huku na huku.

"Nimepokea barua zilizomwagiwa chai," alisema. "Zilizotafunwa na mbuzi pia. Hii sijawahi."

"Daktari, wiki saba zimeniua?"

"Sitakudanganya. Wiki saba peke yake siwezi kusema zimefanya nini. Kuna na miezi ile ya blauzi uliyonisimulia. Lakini sina wiki nyingine ya kukupa."

Akampima upya, akamweleza polepole. Njia ya kwanza, kutoa uvimbe tu na kuacha titi, kisha mionzi kila siku kwa wiki kadhaa, kwenye hospitali kubwa iliyo mbali. Njia ya pili, kutoa titi lote. Zote zina dawa za mshipani, na katika zote watakagua na kwapani kama ugonjwa umefika.

"Ipi itanipa siku nyingi?"

"Kwa uvimbe wa ukubwa huu zinakaribiana. Lakini ya kwanza ukiiacha njiani, umejiharibia."

Fundi akafikiria wiki hizo za mbali. Nani atamsafirisha? Nani atapokea simu ya miadi, atashika barua, atasema mashine ni nzima au mbovu? Akamtazama mume wake, aliyekuwa anasoma tangazo ukutani kana kwamba linamhusu.

"Titi langu nalipenda," alimwambia daktari, na hapo sauti ikamkatika kidogo, kwa hasira tu. "Limenyonyesha watoto watatu. Lakini njia moja inataka niwategemee watu. Nyingine inanitaka mimi. Toeni lote."

"Una uhakika? Unaweza kufikiria siku mbili."

"Nimefikiriwa wiki saba, daktari. Yatosha."

Muuguzi akaleta fomu ya kukubali upasuaji, akamkabidhi mume pamoja na kalamu. Mazoea tu, hakuwa na nia mbaya. Mume akaipokea, akaanza kuikunja.

Ni kule kukunja. Fundi alimnyang'anya fomu kwa nguvu hata kona ikachanika.

"Karatasi yenye mwili wangu hushiki tena. Hata hii. Hata risiti."

"Mke wangu, nilikosa."

"Ulikosa, sawa. Kosa lako kaa nalo, mimi nina kazi." Akaiegemeza fomu juu ya goti, akaisoma mstari kwa mstari, na kila neno asilolijua alimwuliza muuguzi, hata foleni ya nje ikaanza kuguna. Iache igune. Kisha akaandika jina lake lote, herufi kubwa, kama walivyofundishwa darasa la pili.

Simu ya mume ikalia. Sauti ya wifi ilijaza chumba kizima: "Mko wapi? Jumamosi ya harusi ni kesho kutwa! Gauni langu je? Muulize gauni langu!"

Fundi akachukua simu.

"Gauni lako liko ukutani, wifi, mikono tayari, zipu tayari. Kola iko kwenye faili langu hapa hospitali. Daktari ameipiga mhuri."