Kipande cha Msimu

“Kaza hapo, shoga, kaza! Ukiacha upenyo kama huo, Ilala nzima itatazama bure,” Tatu alihimiza.

Sitara aliivuta kamba ya usumba kwa meno mpaka kumba la mwisho, kuti lililosukwa, likalala vizuri juu ya mwenzake. Tangu jana alfajiri yeye na Tatu walikuwa wakisimamisha makuti na kuyafunga kwenye fito, na sasa uwanja wa Mchikichini, ambao juzi tu ulikuwa wazi kama kiganja, ulikuwa umezungukwa na ua uliompita mtu mrefu kwa kimo. Makuti yalikuwa bado mabichi. Yalinukia maji ya dimbwi yalimolowekwa.

“Na wewe utatazamia wapi leo?” Tatu aliuliza.

“Ndani. Mbele kabisa. Nikitema mate yamwangukie mwamuzi.”

Tatu aliangua kicheko, maana alimjua. Kwa miaka mingi Sitara alikuwa akiitazama Radi, timu ya Gerezani, akiwa juu ya kichuguu cha mbali nyuma ya lango, na kuti mapajani. Mikono ilisuka yenyewe. Macho yalikuwa kwenye mpira. Radi ikishambulia, ususi ulilegea. Radi ikishambuliwa, ulibana kama mkeka wa harusi. Wanunuzi wa Kariakoo waliligeuzageuza kumba lake wakisema, “Hili la siku mliyofungwa, hili. Halivuji hata tone,” na walilitaka hilo kuliko yale ya siku za ushindi.

Leo Radi ilikuwa inacheza na Tufani ya Ilala. Ikishinda, inatoka daraja la pili, inapanda la kwanza. Sare haisaidii. Ndiyo sababu ua ulijengwa: wakubwa wa ligi walisema timu ya daraja la kwanza haichezi uwanja usio na mlango. Na kwa kuwa kuna mlango, kuna kiingilio. Kipande cha bati, kimekatwa kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, kimetobolewa na kutiwa uzi. Ukivaa shingoni unaingia kila mchezo, kuanzia leo mpaka msimu ujao uishe. Shilingi moja. Sitara alikuwa ameshaifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo gumu kama kokwa.

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Mwinyimvua, karani wa ghala moja la forodhani, alifika kabla ya adhuhuri, kanzu nyeupe, koti juu yake, tarbushi imenyooka. Nyuma yake alikuja Safari, hamali wa bandarini, Mnyamwezi mwenye mabega kama mlango wa ngome, amebeba debe lenye vipande. Safari ndiye aliyewekwa kulinda mlango.

“Kazi nzuri, mabibi,” alisema mwenyekiti akiupigapiga ua kwa bakora. “Hata pepo hapiti.”

Sitara alilifungua fundo. “Basi nipe changu kabisa, kabla watu hawajajaa.”

Mwinyimvua aliiangalia ile shilingi, akaangalia pembeni. “Ni tatu, bibi.”

“Tatu nini?”

“Shilingi tatu. Kamati ilikaa jana.”

“Ijumaa mlisema moja!”

“Ijumaa tulikuwa hatujaifunga Kisutu.”

“Haya, na leo mkifungwa,” Tatu alidakia, “mtarudisha mbili?”

“Daraja la kwanza linataka viatu, linataka mipira, linataka nauli. Si mchezo wa kichuguuni tena.”

“Basi nipe kiingilio cha leo tu,” Sitara alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Pesa za makumba zilikwisha kwenda kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa mpira.

“Cha siku moja hakuna. Kipande au nje.”

Hapo Safari akalishusha debe, akacheka mpaka kifua kikatikisika. “Wazaramo, Wazaramo! Mnasuka ua, mnajifungia nje wenyewe! Hata kuku hana akili hizo.”

“Nyamaza, mbeba mizigo! Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani, akalia mlangoni kwa babu yangu apewe maji.”

“Akapewa ya chumvi! Mpaka leo tuna kiu!”

Hata mwenyekiti alitabasamu. Safari na Sitara walikuwa watani, kama walivyo Wanyamwezi na Wazaramo wote tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana mbele ya wakweo, atachota nyama sahanini mwako, atakushikia kitu chako msibani wakati unalia, na hutakasirika. Ukikasirika umekwisha, mji mzima utakuimba. Kitu alichokishika mtani hakinyang'anywi. Hukombolewa.

Lakini mwenyekiti mwenyewe alikuwa Mzaramo. Kwake Sitara hakuwa na utani, alikuwa na shilingi moja tu.

Baada ya sala ya alasiri Mchikichini palifurika. Walikuja kutoka Kariakoo na mikono inayonuka samaki, walikuja kutoka bandarini na vumbi la nazi nyusini, walikuja Waarabu wenye maduka na baiskeli zao. Ngoma zilikuwa ndani. Vigelegele vilikuwa ndani. Wenye vipande walipita mlangoni wakivigonganisha shingoni kama kengele za mbuzi, na wasio navyo, ambao walikuwa wengi kuliko walio navyo, walijibana kwenye ua wakitafuta tundu.

Hawakulipata, na hata kichuguuni ua ulikinga macho. Sitara na Tatu walikuwa wamefanya kazi nzuri.

“Nani kasuka hiki kidudu?” mtu mmoja alifoka, jicho limebanwa kwenye kuti.

Tatu alimfinya Sitara. “Usijibu.”

Sitara hakuwa na nia ya kujibu. Alikuwa anasikia Radi wakipasha miguu ndani, miguu mitupu ikipiga ardhi, na kila pigo lilimchoma. Yeye mzima alikuwa ndani, isipokuwa mwili wenyewe.

Ndipo alipomwona Safari akitoka mlangoni, akipenya kati ya watu kuelekea kwa fundi baiskeli aliyekuwa kando ya njia. Alikuwa amebeba mpira. Mpya, wa ngozi, haujajaa upepo. Fundi akachomeka bomba, akapiga, akapiga, mpira ukanenepa, ukawiva, ukang'aa kwenye jua. Safari akauweka begani na kuanza kurudi, akiimba.

Sitara hakufikiri. Mguu ulifika kabla ya akili. Alipita chini ya kwapa la Safari, akaupiga mpira ngumi kutoka begani, akaudaka, akaufungia tumboni kwa kanga mafundo mawili, akasimama mbele yake kama mja mzito wa miezi yote.

“Nimeshika, mtani!”

Nje yote ikalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walirusha kofia, fundi baiskeli alikaa chini kwa kucheka. Safari alinyoosha mikono, akaishusha. Alitazama lile tumbo, akatazama mbingu.

“Mtani, nakusihi. Chukua kofia yangu. Chukua shati.”

“Shati lako litafukuza nzi wa wapi? Nimeshika nilichoshika.”

Mwinyimvua alitoka mbio, tarbushi imeenda upande. “Bibi Sitara! Toa mpira huo! Watu wazima, wageni wamekaa, mwamuzi amesimama! Nitamwita askari!”

“Askari kwenye utani?” sauti ziliuliza kutoka kila upande. “Mwenyekiti anamwita askari kwenye utani! Haya, leteni ngoma, wimbo umeshapatikana!”

Mwenyekiti akaacha habari ya askari. Alikuwa mtu wa pwani; alijua wimbo wa namna hiyo unavyodumu.

Lakini nahodha wa Tufani naye alikuwa ametoka, na hakucheka. Nyuma yake alikuja mwamuzi, Mgoa mwembamba, saa yake ya mnyororo mkononi.

“Wenyeji hawana mpira,” nahodha alisema. “Sisi tuko tayari. Tupewe ushindi wetu twende tukale.”

“Mimi nangoja kidogo,” Mgoa alisema. “Kidogo tu. Mpira usipokuja, mchezo ni wa Tufani.”

Hilo Sitara hakuwa ameliwaza. Aliuona msimu mzima wa Radi umejikunja pale ndani ya kanga yake, pamoja na zile jioni zote za kichuguuni, na yeye ndiye anayeunyonga. Vidole vilikwenda kwenye fundo. Fundo la kwanza likalegea.

“Sema basi!” Safari alipaza sauti, kwa kuwa hakuviona vile vidole. “Sema haraka! Nikomboe kwa kitu gani?”

Sitara akainua kichwa.

“Kipande.”

“Hapana!” Mwinyimvua alisema. “Vipande vilivyo debeni ni mali ya klabu. Utani ni wenu wawili. Klabu haina mtani.”

Watu waliguna, lakini waliguna kwa kukubali. Ndivyo ilivyokuwa. Mtani hukomboa kwa kilicho chake, si kwa cha jirani. Mgoa aliitazama saa.

Safari alipeleka mkono shingoni. Chini ya shati, kwenye uzi mweusi, palining'inia kipande chake mwenyewe, alichokinunua kwa ujira wake wa magunia, shilingi tatu kama watu wengine. Mwenyekiti hakumpa bure hata mlinzi. Alikivua. Alikipulizia, akakifuta kwenye shati, akamnyooshea Sitara.

“Safari, sikutaka cha shingoni mwako,” Sitara alisema polepole. “Nilidhani watakupa...”

“Pokea! Unataka nirudishiwe bure na Mzaramo? Nyumbani watanizika bila sanda!”

Akapokea. Akafungua kanga, na mpira ukazaliwa mikononi mwa Safari kwa kelele zilizotikisa ua. Yeye akaurusha juu ya makuti, ndani, na kutoka ndani kelele nyingine ikajibu.

“Lakini kanuni ni kanuni,” Mwinyimvua alisema akirekebisha tarbushi. “Asiye na kipande hakai ndani. Mlango nitaulinda mwenyewe.”

“Nimesikia, bwana,” Safari alisema.

Walipishana mlangoni, mtu mkubwa akibaki, mwanamke mdogo akiingia. “Mtani,” Safari alinong'ona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania, “nitakuwa nyuma yako. Kaa karibu na ua.”

Sitara alikaa kwenye nyasi, mgongo ukigusa makuti yake mwenyewe. Basi hivi ndivyo ilivyo! Kutoka kichuguuni wachezaji walikuwa wadogo kama punje za mtama; hapa aliona mishipa ya shingo, aliona Zahoro, winga wa kushoto, amefunga kidole gumba cha mguu kwa kitambaa cha kaniki. Mpira ukaanza. Vidole vyake vilitafuta kuti, havikulipata, vikaanza kusuka pindo la kanga.

“Mtani!” ua ulisema. “Nani anao?”

Tufani walikuwa wanakuja.

“Mtani! Unakula peke yako?”

“Tufani wanao! Upande wa kulia... ameteleza! Tumechukua sisi! Zahoro anao, Zahoro, anamzunguka mmoja, anamzunguka... ah, kapigwa ngwala!”

“Ngwala!” ulirudia umati wa nje. “Kapigwa ngwala!”

Baada ya hapo hakunyamaza tena. Alipasua koo. Uwanja ukawa na kelele mbili: ile ya ndani, kisha, pumzi moja baadaye, ile ya nje. Tufani walipofunga, alisita. Kelele ya nje haikuja.

“Mbona kimya?” Safari aliuliza.

“Wametufunga.”

“Ungetudanganya hata kidogo, Mzaramo wewe!”

Radi walirudisha kipindi cha pili, kwa kichwa cha beki mmoja ambaye hajawahi kufunga tangu azaliwe, na Sitara alisimulia bao lile mara tatu kwa sababu nje walilidai tena. Wakaanza kumpa kazi. “Mwambie Zahoro akae pembeni!” Naye akamwambia, na Zahoro, akipita na mpira, alikaa pembeni.

Jua lilikuwa limelala juu ya paa za Gerezani Zahoro alipoingia kwenye boksi, akainuliwa na mguu wa beki kama nguo kwenye upepo, akaanguka. Filimbi. Mgoa akaonyesha mahali.

“Penalti!” Sitara alipiga ukelele. “Ya kwetu! Penalti!”

Ndani, kelele. Nje, kelele. Halafu Zahoro mwenyewe akainuka, akachukua mpira, na kila kitu kikanyamaza. Kitambaa cha kidole kilikuwa kimemfunguka. Alikivua, akakitupa, akauweka mpira chini kwa mikono yote miwili kama anayelaza mtoto.

Sitara alivuta kanga akajifunika uso.

“Mtani?”

Hakujibu.

“Mtani, umefumba macho?”

“Siwezi, Safari. Siwezi kuangalia.”

“Fumbua!” Sauti ilikuwa karibu mno, pumzi yake ilipita kwenye majani ikamfikia shingoni. “Fumbua, mama! Macho hayo leo si yako, ni yangu! Ni yetu sote huku!”

Alishusha kanga. Kipa wa Tufani alikuwa amepanua mikono. Nyuma yake Sitara alihisi ua ukianza kuinama ndani, taratibu, kwa uzito wa vifua visivyohesabika vilivyouegemea, na kamba mpya zikalia moja baada ya nyingine.

Zahoro akaanza kukimbia, na Sitara akafungua kinywa.